Siku Baba Alipojua Maana ya Boyi

Sisi tuliolelewa nyuma ya nyumba za Wazungu kule Usumbura, kabla mji haujaitwa Bujumbura, tunajuana hata leo bila kuulizana. Mkate ukiungua kidogo mahali, pua zetu zinageuka kabla ya vichwa. Tukiona shati jeupe lililopigwa pasi vizuri tunaligusa kola, hata kama mwenye shati hatumjui. Ninyi ndio ninaowaandikia, wenzangu wa rika langu, mlio kambini Nakivale, Uganda, na mliohamia Mbarara, mliokula makombo ya keki mkiwa hamjui keki ni nini, mkadhani ni mkate ulioharibikiwa na sukari. Vijana wakitaka kusoma na wasome, ila waweke simu chini kwanza.

Juzi juzi nimepata mshtuko kule Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, na tangu siku hiyo utoto wangu wote umenirudia kama maharage yaliyomwagika gunia zima. Nitaueleza, lakini lazima nianzie boyeri, maana asiyejua boyeri hataelewa kwa nini bibi mzima kama mimi nilikaa chini kwenye simenti ya watu nikashika kichwa.

Boyeri ndiko nilikozaliwa. Mbele kulikuwa na nyumba kubwa ya bwana na madamu, Wabelgiji, yenye baraza na maua mekundu. Nyuma yake, ng'ambo ya ua wa miti, palikuwa na safu ya vyumba vya watumishi, kila chumba mlango mmoja na dirisha la kupitisha kichwa cha mbuzi. Hapo ndipo tulipoishi, baba, mama na sisi watoto, tumebanana kama ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye ungo. Lakini nani alijua kwamba tumebanana? Tulikuwa na furaha kupita mtoto wa madamu mwenye chumba chake peke yake na farasi wa mbao. Yule alikuwa anatuchungulia kupitia ua akitamani kuja kucheza, na akija anaitwa arudi.

Tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba mpaka ukafumuka. Tuliunda magari kwa makopo ya sardini yaliyotupwa na madamu, magurudumu yake vifuniko vya chupa za soda, na gari likipita kwenye njia ya changarawe lilitoa mlio unaokuna meno. Tuliruka kamba. Tulidaka mawe mpaka vidole vikachubuka. Wenye bahati waliona kiboko akitoka ziwani kuja kula majani ya watu, na wasio na bahati walidanganya kwamba wamemwona. Mama akitusikia tunapiga kelele karibu na maua ya nyumba kubwa alisema, "Atakayevunja ua la madamu nitamla mzima, na mifupa nitampa mbwa!" Tulimwamini. Watoto wa siku hizi ukiwaambia hivyo wanakuuliza utampika na nini.

Na harufu! Asubuhi harufu ya mkate, mchana harufu ya pasi ya mkaa na wanga wa muhogo unaokaushwa kwenye mashati, jioni harufu ya ndagala wa mama kwenye mawese. Baba ndiye aliyekuwa mwenye mkate. Jina lake Nzeyimana, maana yake namtumainia Mungu. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa kama majembe, na mikono ile ile ilikanda unga taratibu kama anamwogesha mtoto mchanga. Alivaa nguo nyeupe kuanzia shingoni mpaka magotini, na kuanzia magotini kwenda chini alikuwa peku. Mkate wake ukivunjwa ulilia, kha! Maganda yaliyoungua ndiyo yaliyokuwa yetu. Mpaka leo kijana akininunulia mkate laini wa dukani, ule wa kubonyea kama godoro, namwuliza kama ameninunulia chakula au mto wa kulalia.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Kule mbele, kwenye baraza, madamu alipomtaka baba hakusema Nzeyimana. Alipiga kengele ya mezani, halafu akaita, "Boyi!" Na baba akaitika, "Wi, madamu!" akaenda mbio. Bwana naye, "Boyi!" Wageni, "Boyi!" Hata mtoto wao, wa umri wangu, mwenye kamasi kama zangu, "Boyi!"

Mnadhani baba alikasirika? Alijivuna! Ninyi mliokuwepo mnakumbuka. Kwetu neno hilo lilikuwa cheo. Pale boyeri palikuwa na boyi wa bustani, na boyi wa nguo, na boyi wa kubeba maji, lakini baba alikuwa Boyi tu, bila mkia. Boyi mkavu. Tuliamini ni neno la Kizungu la fundi mkuu, mtu aliyefunzwa, mwenye funguo za ghala la sukari. Jumapili baada ya misa, pale nje ya kanisa, wanaume walipoamkiana baba alitanua kifua akasema, "Mimi ndiye Boyi wa nyumba ya maua mekundu," kama mwingine anavyosema mimi ndiye daktari. Na mama alisimama pembeni akitengeneza kitambaa chake cha kichwa ili watu wamtazame vizuri. Mke wa Boyi. Nami mtoto wa Boyi niliwapita wenzangu nimeinua pua.

Halafu akaja mgeni.

Alikuwa Mwingereza, mnunuzi wa kahawa, ametoka Uganda kwa gari lililojaa vumbi. Dereva wake alikuwa mtu wa Mbarara, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia jina la Mbarara, nisijue kwamba nitakuja kuzeekea karibu yake. Siku hiyo baba alioka, akachoma nyama, akapanga sahani mpaka zikang'aa. Sisi watoto tulijibanza nyuma ya ua wa miti tukichungulia baraza. Mtoto wa madamu akaletwa kumsalimia mgeni. Akatoa mkono vizuri. Yule Mwingereza akampiga piga kichwani, akatabasamu, akasema kwa sauti kubwa, "Gudi boyi!"

Mana yanje, Mungu wangu! Amemwita nani boyi? Mtoto wa bwana? Mbele ya mama yake mzazi? Nilingoja bwana ainuke amtupe mgeni nje, yeye na kofia yake. Nilitimua mbio mpaka kwa mama.

"Mama! Mama! Mgeni amemwita mtoto wa madamu boyi!"

Mama alikuwa ameshika chungu cha maharage. Kilianguka. Maharage yote chini, kuku wakafanya sikukuu. "Weye mtoto, funga mdomo! Watatuua!" akasema, akanishika mdomo kweli kwa mkono wake wenye masizi. Tukasikiliza. Tulichosikia kule barazani ni kicheko. Madamu anacheka, bwana anacheka, mtoto mwenyewe anacheka, ameketi kwenye goti la mgeni anakula biskuti.

Baba alikuwa pale pale barazani, ameshika sinia. Alikuwa amesikia yote. Alipomaliza kuandaa kahawa alirudi nyuma, hatua nzito, akaenda moja kwa moja kwa yule dereva wa Mbarara aliyekuwa anakula chini ya ukingo wa paa.

"Ndugu yangu," baba akamwuliza, "kwenu Kiingereza, boyi ni nini?"

Dereva alikuwa na mdomo umejaa. "Boi? Boi ni mutoto."

"Mtoto gani?"

"Mutoto mwanaume. Kama huyu." Akamwonyesha kaka yangu mdogo, aliyekuwa uchi, anakula mchanga.

Baba akamtazama kaka yangu. Akajishika kidevu. "Mimi niko na ndevu," akasema.

"Naona," dereva akajibu, akaendelea kula.

"Nimeoa. Niko na watoto."

"Naona, muzee. Mimi pia wananiitaka hivyo. Na mimi niko na wajukuu." Akacheka, lakini baba hakucheka, na cheko la dereva likafa lenyewe.

Baba aliketi chini. Yule mtu mrefu, mwenye nguo nyeupe ambazo mama alizifua mpaka viganja vikachanika, aliketi kwenye udongo na nguo zake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: masikio yake yalitetemeka. Mama akaja na ufagio akaacha kufagia. Miaka yote ile pale kanisani! Mbele ya watu! Mimi ndiye mtoto mdogo wa nyumba ya maua mekundu. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasema, kwa kifua mbele, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua. Kengele ikalia. "Boyi!" Akainuka, akajipangusa matako, akaenda. Angefanya nini? Tulihitaji kula.

Tangu siku ile nyumbani kwetu likawekwa sharti. Nje ya ua waite watakavyo. Ndani ya chumba chetu neno hilo halipiti mlango. Jioni baba akirudi, mama anaacha kila kitu, anasimama, anasema, "Nzeyimana, karibu kwako." Na sisi watoto mmoja mmoja tunamwamkia, Baba Nzeyimana, jina zima. Alikuwa anasimama pale mlangoni mpaka limetimia, ndipo anavua zile nguo nyeupe. Kanisani hakutanua kifua tena.

Miaka ikaja na mambo yake. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena, tukakaa Tanzania, mwisho tukavuka mpaka wa Uganda kupitia Ngarama tukafika Nakivale na baba akiwa mzee. Na mzee huyo, akiwa na udongo na pipa bovu tu, alijijengea tanuri pale Misiera, mtaa wetu kambini, akaanza kuoka. Watu waliotoka Usumbura walisikia ile harufu wakaifuata kama nyuki. "Eee, ni Boyi! Boyi wetu!" Walifurahi, wengine walilia. Ungewakatazaje watu waliopoteza kila kitu wasifurahie mkate? Baba akawaachia. Akaoka mpaka alipokufa, na mimi nimeoka baada yake, na mpaka leo mtu akishuka Misiera akauliza mkate wa kweli anaambiwa, nenda kwa Boyi. Najivunia mkate huo kuliko wanavyojivuna wenye magari. Neno lenyewe nimelivumilia kama mtu anavyovumilia jirani mwenye jogoo.

Basi, sasa Ruti.

Mjukuu wangu Eriki, mtoto wa marehemu mwanangu, anafanya kazi Mbarara, anapakia maziwa kwenye magari. Ameoa msichana wa hapo hapo, Kemigisha, Munyankore, kabila la huko Mbarara, mwalimu wa watoto wadogo, baba yake sajini kwenye kambi ya jeshi. Mwezi uliopita wamepata mtoto wa kiume. Kwetu Warundi mtoto hapewi jina siku anapozaliwa. Anangojwa kitovu kianguke, mama anatolewa nje pamoja naye, majirani wanakaa, watoto wa jirani wanalishwa, na babu mzaa baba ndiye anayetamka jina. Mwanangu amekufa, mume wangu amekufa. Nimebaki mimi. Nikafunga kitenge changu kizuri, nikachukua mikate, nikaenda kumpa kitukuu changu jina.

Eriki alinipokea barabarani akanipeleka mpaka kwenye geti la nyumba kubwa ya ghorofa. Nikafurahi, nikasema kumbe mtoto amefika mbali! Hatukuingia. Tulipita ubavuni, tukapita kwenye kamba za nguo, tukatokea nyuma. Nikaona safu ya vyumba, kila chumba mlango mmoja, kila chumba dirisha la kichwa cha mbuzi.

"Hapa ni wapi?" nikamwuliza.

"Ni hapa kwetu, Nyokuru." Wajukuu zangu wananiita hivyo, Nyokuru, kama tunavyowaita bibi Burundi. "Huku wanaita boizi kota. Watumishi walikuwa wanakaa humo zamani, sasa wanapangisha watu. Fasi nzuri, maji iko karibu."

Nilisimama pale pale. Eriki akanishika mkono akidhani nimechoka na safari. Nimevuka mipaka mara ngapi, nimezika watu, nimezeeka, halafu mjukuu wangu ananionyesha boyeri kwa kidole na kuniambia fasi nzuri, mahali pazuri! Lakini niliingia tu. Sikutaka kuanza ugeni kwa matusi.

Ndani wakanipa mtoto. Jamani, mtoto! Kipaji cha uso cha baba, mikono kama majembe madogo. Nikamfunua shuka nimwone vizuri, na hapo ndipo nilipoona shati lake. Shati dogo la manjano, na kifuani herufi kubwa za Kizungu. Madarasa mawili niliyosoma kwa masista hayakupotea bure. Herufi tatu nazijua. Nikazisoma mara moja, nikazisoma tena, nikamtazama Eriki.

Eriki akatabasamu mpaka masikioni. "Umeona, Nyokuru? Tumetafuta soko nzima. Tunataka umwite Boyi. Jina ya muzee!"

Ndipo nilipokaa kwenye simenti.

"Nyokuru! Nyokuru, una nini? Kemi, leta maji!"

"Sitaki maji! Nani amewaambia hilo ni jina lake?"

"Watu wote wa Misiera," Eriki akasema. Uso ulikuwa umemfifia. "Mimi nimezaliwa muzee ameshakufa, lakini nimekua nikisikia. Kwa Boyi, kwa Boyi. Nyokuru, angalia hii nyumba. Mimi sina shamba, sina ng'ombe, hata inchi sina. Baba yangu hakuniachia kitu. Kitu moja tu niko nayo, nikisema mimi ni wa kwa Boyi watu wanasimama wanatabasamu. Nitampa mutoto wangu nini kingine?"

Basi mimi niliyekuja na ulimi mkali niliinama nikampa Kemigisha mtoto wake. Maana alisema kweli. Nikikataa, namnyang'anya kijana urithi wake pekee. Nikikubali, ile aibu iliyomketisha baba yangu kwenye udongo naibandika kwenye kifua cha mtoto asiye na meno, aivae mpaka kaburini. Na nje majirani walikuwa wameshaanza kukaa kwenye mkeka.

Nikawaeleza. Yote niliyowaeleza ninyi hapa niliwaeleza: kengele, mgeni, biskuti, masikio ya baba. Eriki alisikiliza ameinama. Sajini, baba yake Kemigisha, alikuwa ameketi mlangoni na gwanda lake na bilauri yake ya bushera, uji wao wa mtama, naye akakohoa.

"Mama," akaniambia kwa Kiswahili chao cha jeshini, "hapana lia. Hiyo neno iko kawaida. Sisi kwa jeshi, hata mutu ya mvi wanamuita boi. Shamba boi, haus boi. Mimi wameniita miaka mingi. Sikukufa."

"Ulipenda?" nikamwuliza.

Akanywa bushera. Akanywa tena. "Kupenda hapana," akasema.

Kemigisha akasogea karibu yangu, mtoto kifuani kwake. "Nyokuru," akasema polepole, "mimi hii neno nafundisha kila asubuhi. Napiga ubao, watoto wanaimba, boi, gali, boi, gali. Sijajiuliza hata siku moja ilitoka wapi." Akachukua simu. Mnajua ninavyozichukia simu hizo, mtu anaongea na wewe huku kidole kinaongea na mwingine. Lakini siku hiyo nilimtazama akisoma, na nikaona macho yake yanapanuka.

"Eeh! Wanasema hawajui."

"Akina nani?"

"Wenyewe. Waingereza. Wamesoma vitabu ya zamani yote, hawajui neno ilianzia wapi." Akasoma tena. "Wengine wanasema ilianza kwa mutu amefungwa minyororo kwa miguu. Wengine wanasema hapana, ni mutoto tu alikuwa anajifunza kusema, bo, bo. Wengine tena wanasema kulikuwa watu, zamani sana, jina yao ya kuzaliwa ilikuwa inafanana hivyo. Hakuna mwenye kuwa na hakika. Na hii, Nyokuru, ngoja." Sauti yake ikashuka. "Mbele haikuwa mutoto. Mbele ilikuwa mutumishi. Mutu wa chini. Mutoto ilikuja nyuma."

Mlisikie hilo. Kumbe dereva wa Mbarara hakujua, na Mwingereza wake pengine hakujua! Neno lilikuwa la watumishi tangu zamani, halafu wenye lugha wakageuka wakawaita wana wao wa kuzaa kwa neno lile lile, wakawapapasa vichwa, wakawapa biskuti, mwisho wakaliandika kwenye mashati. Sasa baba alihuzunika bure, au alihuzunika kidogo mno? Je, lilikuwa pingu, au lilikuwa jina la mtu, mtu kabisa, ambaye mama yake alimwita hivyo kwa mapenzi akiwa anamnyonyesha? Watu wametuita kwa neno, wametupiga kwa neno, tumekimbia mbio tukiitika neno, na kumbe wanaoliita hawajui hata lilikotoka! Nilitaka kucheka nikalia, nikalia nikacheka. Sajini akanipa bushera.

"Eriki," nikasema nilipopata pumzi, "jina la mzee wetu ni Nzeyimana. Leo nakupa wewe ulihifadhi. Watu wa Misiera wakitabasamu wakisema kwa Boyi, watabasamie mkate, na wewe moyoni useme Nzeyimana. Huo ndio urithi wako. Lakini mtoto hapewi hilo wala lile. Kwetu jina si suruali ya kuachiana. Kila mtoto lake, lenye habari ya siku zake. Mjomba wangu aliitwa Nzikobanyanka, yaani najua wananichukia, na majirani wote walijua wanasemwa wao. Huko kurithishana majina mmekujifunzia kwenye ofisi za watu."

Eriki akainua uso. "Sasa atakuwa nani?"

Nilimchukua mtoto, nikamvua lile shati la manjano, nikamfunga kwenye kitenge changu, nikatoka naye nje, mama yake nyuma yangu. Majirani wakageuka. Watoto wa vile vyumba walikuwa wamepanga mstari wakingojea maharage, pua zinang'aa. Nikamwinua mbele yao nikasema jina lake: Ntawumenya. Maana yake hakuna ajuaye. Hakuna ajuaye lilikotoka neno, hakuna ajuaye atakakofika mtu. Na atakayesema anajua huyu ni nani kwa kumtazama tu mlango aliozaliwa, huyo ni mwongo.

Wanawake wakapiga vigelegele. Eriki alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati, nikajua amekubali. Lakini Sajini akaweka bilauri chini kwa kishindo.

"Hiyo jina iko murefu sana! Nta... nini? Siku ataingia jeshi, afande atamuita namna gani?"

"Afande atajifunza," nikamwambia.

"Nitasahau mimi, mama. Kichwa imezeeka."

"Basi rudia."

"Ntamu... Ntawu..." Watoto wakamcheka. Akawatolea macho ya kijeshi, wakazidi kucheka.

Tukala karo yao, ugali wa ulezi, na maharage yetu, na mkate nilioutoa Nakivale ukaisha kabla ya mchuzi. Kemigisha alikula maganda yaliyoungua, bila kufundishwa na mtu, nikampenda zaidi. Jua lilipopungua nikamtafuta mtoto, hayupo mkekani. Nikazunguka nyuma ya vyumba. Sajini alikuwa amempakata, amekaa kwenye tofali peke yake, kofia ameiweka chini. Anamtazama usoni, anasema, "Ntawu. Ntawu-me. Hapana. Samehe mimi. Tunaanza tena." Anasimama kwenye neno, anarudi mwanzo, jasho linamtoka kwenye mvi, mpaka akalipata zima, akalisema kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti kubwa, halafu tena.

Enzi zetu nilikuwa na furaha ambayo watoto wa leo hawataijua, hilo sibishani na mtu. Mpira wetu wa migomba, makopo yetu, yale maganda ya mkate. Nawahurumia wanaokua wameinamia kioo cha simu. Lakini enzi zile zile niliona watu wazima wakijifunza neno la mkubwa wao haraka haraka, wasije wakapigwa. Sasa nimeona mzee wa jeshi akitokwa jasho kujifunza jina la mtoto mchanga, na hakuna aliyemwamuru. Nilisimama pale ukutani nikamwacha aendelee. Nilitamani sana baba angekuwepo kusikiliza.